Mikorosho Yachanua: Shairi la Mapenzi kwa Sikio la Mpapura

Ndugu msikilizaji, tuanze na shairi lenyewe, maelezo yatafuata. Ni beti tatu tu. Nimezitunga kwa ajili ya mazungumzo haya, na msemaji wake nimemweka Mpapura, Mtwara Vijijini, kwenye nchi ya mikorosho. Nasoma polepole ili mwenye kalamu aandike.

Jua halijachomoza, ukashika barabara,
Nilishindwa kuuliza, wala kukupa ishara,
Basi likakupoteza, nikabaki Mpapura,
Mikorosho yachanua, nawe utarudi lini?

Korosho zikadondoka, ukawadia mnada,
Gunia likapimika, haikupimika shida,
Fedha zote nikashika, sikuiona faida,
Mikorosho yachanua, nawe utarudi lini?

Na mvua zimekwisha, zimefuta nyayo zako,
Bibi amenikumbusha, kungoja kuna miiko,
Salamu zimenichosha, nataka sauti yako,
Mikorosho yachanua, nawe utarudi lini?

Ndilo hilo. Mtu kaondoka, mwenzake kabaki, mwaka umepita. Msemaji ni mwanamume au mwanamke? Shairi halisemi, na lugha yetu haimlazimishi aseme. Basi la alfajiri huchukua vijana wa kike kama linavyochukua wa kiume, kwa hiyo kila mmoja wenu amweke hapo amtakaye. Kazi yetu leo ni kutazama lilivyojengwa: mizani, vina, na ule mshororo wa nne unaorudi kila ubeti. Huo wa nne ndio nitakaoukalia sana, kwa sababu naona shairi la mapenzi hupona au hufa papo hapo. Kuhesabu mizani hufundishika. Vina hutafutwa, vikapatikana. Lakini kumwambia mpenzi neno lilelile mara tatu, na mara ya tatu bado ashtuke, hilo halina kanuni iliyoandikwa ubaoni.

Tuhesabu kwanza, tuondoe deni la mizani. Mizani ni silabi, na shairi la aina hii, la mishororo minne kwa ubeti, yaani tarbia, huwa na mizani kumi na sita katika kila mshororo: nane upande wa kushoto, nane upande wa kulia. Kipande cha kushoto tunakiita ukwapi, cha kulia utao. Chukua “Jua halijachomoza.” Ju, a, ha, li, ja, cho, mo, za. Nane. Chukua “ukashika barabara.” U, ka, shi, ka, ba, ra, ba, ra. Nane tena.

Wengi huteleza kwenye herufi m. Sikiliza mwanzo wa ubeti wa tatu: “Na mvua zimekwisha.” Ukihesabu kwa macho utasema ni saba, kwa sababu jicho huona “mvua” likadhani ni silabi mbili. Mdomo haukubali. Tamka: m, vu, a. Ile m inasimama peke yake, inalipiwa mizani yake. Kwa hiyo ni na, m, vu, a, zi, me, kwi, sha. Nane kamili. Hata jina la Mpapura ni hivyo hivyo: m, pa, pu, ra, mizani nne, nusu ya kipande. Lakini katika “zikadondoka” ile n ya “ndo” haisimami, imeegemea d, kwa hiyo hailipiwi. Mwenye shaka aweke kiganja chini ya kidevu atamke. Kidevu kitamwambia mengi, ingawa kwenye m hiyo ya peke yake asikilize midomo inavyofumba.

Sasa, mizani ikitimia kazi haijaisha. Vipande viwili vinaweza kuwa na mizani nane kila kimoja na mwendo wake ukawa tofauti kabisa, kwa sababu mkazo wa sauti ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Tazama kibwagizo, yaani ule mshororo wa nne unaorudi. “Mikorosho yachanua”: maneno mawili, kila moja mizani nne, mkazo kwenye “ro” na kwenye “nu.” Mwendo umetulia. Kisha “nawe utarudi lini”: maneno matatu, na mkazo mara tatu, “na,” “ru,” “li.” Ndani ya nafasi ileile ya mizani nane kuna mapigo matatu badala ya mawili. Nusu ya kwanza inatembea, nusu ya pili inajikwaa. Kama mngeniuliza huzuni ya mshororo huu iko wapi, ningejibu kwamba sehemu yake kubwa iko hapo, kwenye pigo la tatu lililozidi, kabla hata hatujafika kwenye maana.

Na tazama “haikupimika shida.” Neno la kwanza lina mizani sita peke yake, linakwenda linakwenda, halafu “shida” inaanguka na mizani mbili. Ningeweza kusema “shida haikupimika,” kama watu wanavyosema barazani, na mizani ingebaki nane vilevile. Vina ndivyo vilivyonilazimisha kupindua. Walimu wa ushairi huita hivyo kuboronga sarufi, na ni ruhusa ambayo mshairi amepewa. Ila ruhusa hiyo ina bei: ukipindua maneno, msikilizaji aone faida zaidi ya kina. Hapa naona faida ipo, kwa sababu msikilizaji anangoja ajue ni nini kisichopimika, na jibu analipata mwisho kabisa. Pindua bila faida ya namna hiyo, shairi linasikika kama mtu aliyevaa shati la ndugu yake.

Tuje kwenye vina. Ubeti wa kwanza una “za” katikati na “ra” mwisho. Wa pili una “ka” na “da.” Wa tatu una “sha” na “ko.” Vina vikibadilika kila ubeti namna hii, shairi linaitwa ukaraguni. Vingekuwa vilevile kutoka mwanzo hadi mwisho tungeliita mtiririko. Na kama vya upande mmoja vingedumu na vya upande mwingine kubadilika, tungeliita ukara. Nimechagua ukaraguni kwa sababu ya majira. Mwaka wa mkulima unabadilika, na vina vibadilike nao, ili mshororo wa nne ubaki peke yake bila kusogea.

Kiswahili kinampa mtunzi vina kwa ukarimu wa hatari. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na sarufi yenyewe inatugawia miisho ya bure. Ukitaka “ni,” unachukua jina lolote na kulitia mahali: moyoni, machoni, ndotoni, kitandani, mpaka usiku uishe. Ukitaka “ngu,” una wangu, yangu, langu, zangu. Masikio yanapata kina, lakini akili haipati kitu, kwa sababu ilikwisha kujua neno litaishia vipi kabla halijatamkwa. Kina kizuri hutoka kwenye maneno ya koo mbalimbali. Barabara, ishara, Mpapura: la kwanza ni njia, la pili ni jambo ambalo msemaji hakulifanya, la tatu ni kijiji alikobaki. Yanafanana mwishoni tu. Na hili niwaambie watunzi wa huku Kusini: majina ya mahali penu ni hazina ambayo hamuitumii. Mpapura na Mtwara vinatoa kina cha “ra” bila kulazimisha. Badala yake nasikia vijana wakijaza mashairi yao “mahabubu” na “muhibu,” kwa kuwa wamesikia ndivyo malenga wa Mombasa na Unguja wanavyosema. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, husifiwa kwa kuufanya ushairi wa beti za mishororo minne kuwa sauti ya mitaani, ya biashara, ugomvi na mapenzi ya mji wake. Alitumia mambo ya mji wake. Kumwiga Muyaka kwa haki ni kutaja mikorosho, kutaja mnada.

Kuna jaribio dogo ninalolipenda. Chukua shairi la mapenzi ulilolitunga mwenyewe, hesabu vina vya “ngu” na vina vya “ko.” Vikizidi vya “ngu,” moyo wangu, roho yangu, usingizi wangu, ujue umemwandikia mpenzi barua inayokuhusu wewe. Vina humfichua mtu kuliko maneno yake. Shairi letu halina kina cha “ngu” hata kimoja, na ubeti wa mwisho unaishia “zako” na “yako.” Hapo nakubali nimetumia mwisho wa bure, ule wa sarufi. Kinachouokoa ubeti ni “miiko” iliyokaa katikati. Bibi ameingia kati ya “zako” na “yako” na kusema neno la kikubwa, kwamba hata kungoja kuna mipaka. Bila bibi ubeti huo ungekuwa mwepesi mno.

Na mmegundua kwamba “lini” haina mwenzake? Katika kila ubeti, mishororo mitatu inashikana kwa vina, kisha wa nne unaishia “ni” ambayo haijibiwi na kitu chochote ndani ya ubeti. Kanuni inaruhusu kibwagizo kiwe na vina vyake. Mimi nimeitumia ruhusa hiyo kwa kusudi: kina kimekosa mwenzi katika shairi la mtu aliyekosa mwenzi. Msikilizaji si lazima alijue hilo kwa akili. Sikio litasikia kwamba kuna kitu kimeachwa wazi.

Sasa kibwagizo chenyewe. Mkulima yeyote wa Mtwara anajua mkorosho huchanua kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni na kuendelea hadi Septemba hivi, wakati ambao watu wanahangaika kupuliza salfa ili ubwiri unga usiteketeze maua. Kisha matunda, kisha kuokota, na ifikapo Oktoba minada inaanza. Mvua huja mwishoni mwa mwaka, zikamalizika Aprili au Mei. Kalenda hii ndiyo iliyo chini ya shairi zima, na bila hiyo takriri yake, yaani kule kurudia maneno yaleyale, haieleweki.

Katika ubeti wa kwanza kibwagizo ni cha kweli. Mtu ameondoka, maua yapo, swali lake ni swali la kawaida: utarudi lini? Anategemea jibu. Pengine baada ya wiki tatu, pengine mavuno yakianza.

Katika ubeti wa pili kibwagizo si cha kweli tena. Korosho zimekwisha kudondoka, gunia liko ghalani, mnada umefanyika. Maua gani yanayochanua Oktoba wakati watu wanapanga foleni kwenye chama cha msingi? Maneno ni yaleyale, lakini msikilizaji wa Mpapura anajua yamepitwa na wakati, na anajua kwamba msemaji naye anajua. Kwa nini basi anayasema? Kwa sababu kalenda yake imesimama siku ile basi lilipoondoka. Kila mtu yuko kwenye mavuno, yeye bado yuko kwenye maua. Shairi halijatamka kwamba mtu huyu amekwama. Kurudia tu ndiko kumesema. Nitaje kwa mabano kwamba siku hizi malipo ya korosho hupitia benki, kwa hiyo “fedha zote nikashika” ni maneno ya mshairi zaidi kuliko ya mhasibu.

Katika ubeti wa tatu mvua zimekwisha, nyayo zimefutika, na kibwagizo kinakuwa cha kweli upya, kwa namna ambayo inauma zaidi. Mikorosho inachanua kweli, lakini haya ni maua mengine, ya mwaka mwingine. Swali “utarudi lini” limezeeka kwa mwaka mzima bila kubadilika herufi hata moja. Mara ya kwanza lilikuwa swali, mara ya pili ukaidi, mara ya tatu limeanza kuwa lawama. Kumbuka tumetoka kumsikia akisema salamu zimemchosha.

Hiki ndicho ninachokidai kwa kila kibwagizo: kisimame mahali pamoja, beti zisogee chini yake. Kama beti zote zinasema jambo moja, na kibwagizo nacho kinasema jambo hilo hilo, hapo hakuna takriri. Kuna mtu anayekushika mkono mlangoni wakati umeshaaga.

Msidhani fundisho hili nimelitoa vitabuni. Watu wa Kusini wanalo tangu zamani. Kwenye ngoma za Kimakonde, sindimba ikiwa mojawapo, mwimbishaji hutupa maneno, kundi likaitikia. Mwimbishaji yuko huru: atataja mtu, atataja njaa, atachokoza, atasifu. Kundi linarudisha jibu lake lilelile. Nyimbo hizo hazikai kwa vina vya mwisho wa mshororo. Kinachozishika zisisambaratike ni jibu hilo linalorudi. Na wote waliowahi kusimama kwenye duara wanajua kwamba jibu likirudi mara ya kumi si lile la mara ya kwanza, maana katikati mwimbishaji ameshasema kitu. Kwa hiyo mtu wa Mpapura anaposoma tarbia kwa mara ya kwanza, mizani na vina anajifunza, lakini kibwagizo anakuja nacho kutoka nyumbani.

Mfano mkubwa zaidi katika vitabu vyetu ni wa Shaaban Robert. Alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo, na kila ubeti aliufunga kwa mshororo uleule. Lisomeni mkilipata. Beti zake zinatoka kwenye kilio, zinakwenda hadi kwenye faraja ya kuamini kwamba aliyekwenda amefika pasipo tabu, na mshororo wa mwisho haubadiliki. Huko mwanzo unasikika kama maumivu ya mtu aliyeachwa. Huko mwisho unasikika kama kiapo. Hakuongeza neno wala kupunguza.

Taarabu nayo inajua siri hii, kwa njia yake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri, alikuwa na dakika chache tu kwa kila upande wa sahani. Ukiwa na dakika chache unajifunza kipi kirudiwe na kipi kisemwe mara moja. Waimbaji wa leo wana nafasi ya kutosha, na nyimbo nyingi za mapenzi tunazopiga hapa redioni zinarudia kiitikio mpaka msikilizaji anakwenda kuchota maji na kurudi, kikiwa bado kinaimbwa. Sisemi ni vibaya kwa kucheza. Kwa kusikiliza, ni shida.

Najua kuna atakayepinga: mwalimu, haya yote ya mizani na vina ni lazima? Mabishano hayo ni ya siku nyingi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kwa wengi kitabu hicho kikawa kipimo cha shairi ni lipi na lipi si shairi. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyofuata mizani wala vina, na wazee wa fani wakamjia juu. Binafsi napenda tarbia, mmesikia, lakini sioni kwamba Kezilahabi alitupa kila kitu. Fungua mashairi huru yaliyo mazuri, utakuta mambo mawili yametolewa na la tatu limebaki. Vina vimeondoka, hesabu imeondoka; takriri ipo, na mara nyingi imeongezewa kazi, kwa kuwa sasa inabeba peke yake mzigo uliokuwa wa watatu.

Takriri ndogo nayo tusiisahau. Katika “Gunia likapimika, haikupimika shida,” kitenzi kimoja kimesemwa mara mbili, mara ya kwanza kikikubali, mara ya pili kikikana. Hapo umbali kati ya vile vinavyopimika na visivyopimika uko ndani ya mizani kumi na sita. Ningetumia vitenzi viwili tofauti, msikilizaji angepata taarifa mbili. Kwa kitenzi kimoja amepata ugomvi.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Fundi mmoja wa kusahihisha atasema ubeti wa tatu ungefaa kuwa “Mikorosho imechanua,” kwa sababu msimu umekwisha kufika. Hesabu: mi, ko, ro, sho, i, me, cha, nu, a. Tisa. Inapwaya. Angeweza kuikata ile “i” ikabaki “mechanua,” na inkisari ya namna hiyo inakubalika, mizani ikarudi nane. Tatizo haliko kwenye hesabu. “Imechanua” ina siku yake, jambo limetokea na limekwisha. “Yachanua” haina tarehe, ndiyo maana mtu anaweza kuisema Julai, akaisema Oktoba wakati si kweli, akaisema tena Julai nyingine.

Kwa hiyo nimeiacha. Kuna ubeti wa nne ambao sikuutunga, ule wa mpenzi kurudi, na huo nawaachia nyinyi wa Mpapura na kwingineko mnaonisikiliza. Vina chagueni mnavyotaka, ila si “moyoni” na “machoni.” Kibwagizo msikiguse. Ashuke kwenye basi, aingie uani, akae, na bado aulizwe atarudi lini. Mtunge mishororo mitatu itakayofanya swali hilo liwe na haki ya kuulizwa.